Gauni la Salimu na Ramani ya Sista Rispah

Jumatatu, 1 Machi 1965. Mwabungo, Kwale.
Nimeiona ramani! Sista Rispah ameitundika ukutani pale kliniki. Afrika nzima, kaichora mwenyewe na kuipaka kwa kalamu za rangi. Penye rangi nzito, watoto wachanga wengi wa kiume hufa kabla ya kutimiza mwaka. Penye nyepesi, wachache. Kisiwa cha Morisi cheupe kama maziwa. Nchi ya Mali nyeusi kama kahawa. Sisi tuko kama chai. Nilitaka kumwambia Sista kwamba sijapata kuona kazi nzuri kama ile. Nikasema shikamoo. Akaitikia. Nikasema shikamoo tena. Nikakimbia.

Jumanne, 2 Machi.
Sina raha. Chini ya ramani pameandikwa kwamba karibu kila nchi wavulana hufa zaidi kuliko wasichana. Dada Biasha amekwisha kuzika wavulana wawili. Huyu wa tatu, Salimu, ana miezi minne, na Bibi hataki hata kusikia habari za kliniki. Mtoto wa kiume si papa mkavu, asema, hata atundikwe kwenye mizani watu wamkodolee macho. Hasidi atampata.
Nimewaza mchana kutwa. Kuwa mtoto wa Morisi, Salimu hawezi. Nauli hatuna. Lakini kuwa msichana?

Jumatano, 3 Machi.
Nimeikata leso yangu nikamshonea gauni. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nilingoja kofi la Bibi. Wapi! Amepiga vigelegele. Kumbe zamani mtoto aliyefiwa na kaka zake alifichwa hivi hivi. Ameniita mjukuu mwenye akili, tena mbele ya binamu yangu Jumwa! (Tulimaliza shule pamoja. Sasa yeye anashika mlango wa kliniki na anajiona daktari.) Kisha Bibi akaleta sindano na uzi amtoge masikio. Nikalia mpaka akaahirisha. Hata hivyo, kasema hasidi hana haja na msichana, kwa hiyo kesho twende kliniki.

Alhamisi, 4 Machi.
Aibu! Mlangoni Jumwa kaniuliza jina la bibie huyu. Nikasema Salima. Akasema mbona Salima ana shingo ya mchukuzi wa bandarini. Nikapita haraka. Sista akamvua gauni ampime. Salimu akamkojolea kifuani, mpaka kwenye saa yake! Kliniki nzima ikaangua kicheko. Bibi akajifunika uso.
Sista hakukasirika. Alijifuta, akampima, akamdunga sindano ya kinga, halafu akaketi mkekani kando ya Dada. Akasema watoto wa Morisi hawakuzaliwa wagumu kuliko wetu. Kule malaria imepigwa vita na wakunga wako karibu, basi. Mvulana huzaliwa dhaifu kidogo, ndiyo maana asicheleweshwe. Maji yachemshwe, alale ndani ya chandarua, arudishwe kila mwezi.
Dada akauliza kwa sauti ndogo kama huyu ataishi.
Sista hakuahidi. Alimshika mkono tu, akasema Dada hatamlinda mtoto peke yake. Hata Bibi alifunua uso. Laiti ningekuwa na robo ya moyo wa mwanamke yule! Nilijikaza nimwambie asante. Nikasema shikamoo.

Alhamisi, 1 Aprili.
Salimu ameongeza uzito wa ratili moja na nusu! Dada amecheka, mara ya kwanza tangu msiba wa mwaka jana. Kila siku anachemsha maji. Chandarua amekishona mwenyewe palipotoboka. Bibi ndiye anayetuhimiza tusichelewe kliniki. Nimeyatafakari sana maneno ya Sista na sasa nimeelewa barabara: ni gauni. Nimeshona mengine mawili kwa wavulana wa jirani.
Lilibaki jambo moja. Jumwa alipokwenda kisimani, niliingia kliniki kimya kimya na raba yangu ya kufutia, ile ya shule. Ramanini Kenya imekwisha kuanza kuwa nyepesi, kuanzia Kwale. Kesho, inshallah, Mombasa.