Maswali ya Bu Kanthi

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo ni siku yangu! Mkutano wa Umoja wa Maktaba Kumi na Moja. Mwenyekiti wetu, Pak Handoyo, ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 19 katalogi zetu zote zitaunganishwa kuwa moja. Msomaji yeyote hapa wilayani Wonosobo atabonyeza mara moja na kuona kitabu anachotaka kiko maktaba gani. Vizuri. Lakini hilo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni tumpeng.

Siku hiyo mlima huo wa wali wa manjano utakatwa, na ncha yake atapewa mkutubi aliyewasaidia wenzake kuliko wote katika matatizo ya kompyuta. Huyo huyo atakuwa Mkuu wa Kitengo cha Teknolojia. Ufunguo wa chumba cha seva! Koti lenye maandishi mgongoni! Miaka ishirini na sita nimekaa Maktaba ya Kalitirta nikigonga mihuri, na kompyuta yetu moja haina kitufe cha herufi A. Hakuna aliyewahi kunikatia hata wali wa pembeni. Ncha hiyo ni yangu.

Kikwazo: Bu Prihatin wa maktaba ya sekondari. Mtu akiuliza swali kwenye kundi letu la wasapu, mama huyu hujibu kabla muulizaji hajaweka simu chini. Pak Handoyo anahesabu asante. Tangu Januari Bu Prihatin ana asante mia mbili na kumi. Mimi ninayo moja. Mtu aliuliza kwa nini printa haichapi, nikamwambia aiwashe. Nilikuwa sahihi kabisa.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata dawa! Shida yangu si ujinga. Shida ni kwamba watu wanauliza nisiyoyajua. Anatakiwa mtu wa kuuliza ninayoyajua.

Nimemtengeneza. Anaitwa Bu Kanthi, mkutubi wa kijiji cha Watulumbung, juu kabisa mlimani. Hakuna mtu aliyewahi kufika huko kwa sababu hakuna kijiji. Simu: ile ya zamani ya mke wangu Endah. Picha: chungu cha okidi. Nilimwomba Pak Handoyo amwingize kundini, akamwingiza bila maswali. Mtu mwema sana.

Saa nne asubuhi Bu Kanthi akabisha hodi: "Samahanini ndugu zangu, kila nikiandika herufi zinatoka kubwa tupu. Nifanyeje?" Nikashika simu yangu nijibu. Kumbe nimevaa miwani ya Endah. Nilipoipata herufi ya kwanza, Bu Prihatin alikuwa ameshajibu, tena kwa mchoro.

Mara ya pili nikawa mjanja. Bu Kanthi alimwuliza Pak Warsidi, yaani mimi, peke yake, kwa jina, akamshukuru kwa picha kumi na nne za maua. Asante ilifika kabla ya jibu langu, lakini mtandao wa huku milimani unajulikana. Tayari nina mbili! Endah aliniuliza kwa nini naichekea simu yake. Nikamwambia ni kazi ya serikali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kundi limewaka moto. Jana Bu Kanthi aliniuliza namna ya kuweka nakala ya katalogi pembeni, ili kompyuta ikifa isife nayo. Nilikuwa nimeandaa jibu zuri kuhusu kufunika kompyuta kwa kitambaa. Kabla sijalituma, mkutubi wa hospitali akaandika: "Bu Kanthi, Mungu akubariki dada yangu, miaka mitatu mimi naona haya kuuliza hilo." Akajitokeza mwingine. Na mwingine. Watu saba! Mmoja alikiri kwamba kila Ijumaa huinakili katalogi kwa mkono, na sasa yuko kwenye daftari la kumi na tisa.

Wameamua kwamba kila siku saa kumi alasiri wote waingie kundini, watatue tatizo moja pamoja, hatua kwa hatua, mpaka wa mwisho aseme ameweza. Wanaiita Saa ya Bu Kanthi. Saa yake! Na maneno yote nimeyatunga mimi! Hesabu ya leo: Bu Prihatin 216, Bu Kanthi 58, mimi 3.

Niseme ukweli, nimeumia. Nimeshindwa na mwanamke ambaye namchajia simu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeamua kumshusha. Heshima yote inaondoka kwa swali moja la kipuuzi. Nimelitafuta asubuhi nzima, na nimelipata.

Bu Kanthi akaandika: "Jamani, kitabu changu namba 17 ni cha mapishi. Naona kwenye orodha ya Bu Prihatin namba 17 ni tafsiri ya Kurani, na kwa Pak Warsidi namba 17 ni kilimo cha pilipili. Kwani nani kati yetu kakosea kuhesabu?" Nikajimiminia chai, nikakaa kungoja vicheko.

Bu Prihatin akaandika: "Ya Allah."

Kumbe maktaba zote kumi na moja zilianza kuhesabu vitabu kutoka moja. Kila moja imejikagua yenyewe, hakuna aliyelinganisha na jirani. Tungeunganisha katalogi hivyo hivyo, mtu angeazima kilimo cha pilipili kwangu na mfumo ungemdai Kurani ya sekondari. Kazi ya miaka miwili ingevurugika mbele ya wageni. Pak Handoyo ameandika kwamba amelia. Kwamba Bu Kanthi ametuokoa sote.

Chai imepoa. Sikuinywa.

Jumapili, 13 Oktoba

Kazi ya pamoja ukumbini kwa Pak Handoyo, wakutubi wote, kila mmoja na kompyuta yake. Kila maktaba imepewa herufi mbili za kutangulia namba zake. Wamekaa wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anasahihisha, wakimaliza wanawasogelea walio nyuma. Bu Prihatin anazunguka na kalamu nyekundu sikioni.

Mimi nimepewa nyaya. Cheo chenye uzito! Nani asiyejua kwamba bila umeme hakuna teknolojia? Saa tano na nusu nilikuwa nikiukagua waya mkuu kwa mguu. Nikaukagua zaidi ya ilivyotakiwa. Kompyuta sita zikazimika kwa mpigo mmoja, na mimi nikaenda chini.

Nilifumba macho nikingoja matusi. Hakuna kilichopotea! Tangu Alhamisi kila mtu anaweka nakala pembeni. Ukumbi mzima ukapaza sauti: "Asante, Bu Kanthi!" Nilikuwa bado sakafuni. Hakuna aliyeuliza hali ya mguu wangu isipokuwa Bu Prihatin. Aliniletea barafu na tempe, vipande vya soya vya kukaanga, akasema, "Pole, Pak. Angekuwepo Bu Kanthi angekuuguza." Mwanamke yule ana ulimi!

Nimekula vipande kumi na moja. Kwa jumla, siku ya ushindi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkutano wa leo umeamua: ncha ya tumpeng atapewa Bu Kanthi. Wote wamenyoosha mikono. Nami nimenyoosha, ningefanyaje?

Na bado! Wamemchangia kompyuta tatu, printa moja, na kifaa cha kusomea bakodi. Alhamisi wanakodi gari wampelekee Watulumbung, wamfungie kila kitu, wamfundishe. Mkutubi wa hospitali anamwokea keki. Maji yamenifika shingoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku mbili za mapambano. Muhtasari.

Jana asubuhi Bu Kanthi alitangaza kwamba mlima umeporomoka na barabara imefungwa. Pak Handoyo akajibu kwamba shemeji yake yuko idara ya barabara, hajasikia kitu, ila atakwenda kuangalia mwenyewe. Mchana barabara ikafunguka ghafla, lakini Bu Kanthi akapata homa. Wakaanza kupangiana zamu za kumpelekea supu. Jioni homa ikapona, akapata harusi. Wakauliza rangi ya sare.

Leo nimepiga moyo konde, nikaandika kwa simu yangu mwenyewe kwamba jamani, inatosha, nifichue siri: Bu Kanthi ni mpwa wangu. Ana haya kupita kiasi, akiona watu zaidi ya wanne anazimia. Mimi mjomba wake nitampokelea ncha, na vifaa nitampelekea mwenyewe.

Bu Prihatin alijibu kwanza: "Alaa! Ndiyo maana mnafanana maandishi. Damu haipotei, Pak." Wote wakakubali papo hapo. Wamemeza ndoano na kamba yake! Endah amesikia nikiimba bafuni. Ameuliza tuna mpwa gani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ushindi! Ushindi!

Nilivaa batiki yangu ya kahawia. Ukumbi umejaa, mkuu wa wilaya mstari wa mbele. Pak Handoyo akaukata mlima wa wali, akaiweka ncha kwenye sahani na paja la kuku, akaita: kwa Bu Kanthi, mkononi mwa mjomba wake. Nikatembea. Makofi! Walisimama wote. Sijawahi kupigiwa makofi maishani, hata siku ya harusi yangu. Machozi yalinitoka na sioni haya kuyaandika. Nikala ncha yote hapo hapo, kwa niaba ya mpwa.

Kisha Bu Prihatin akashika kipaza sauti. Akasema njia ya Watulumbung ni ngumu, kwa hiyo vifaa vyote vikae Kalitirta kwa Pak Warsidi, avitumie bila wasiwasi, mpaka hapo Bu Kanthi atakapokuja kuvichukua. Kompyuta tatu! Zenye herufi zote! Ukuu wa Kitengo, kwa kuwa mpwa ana haya, amepewa Bu Prihatin mwenyewe, na koti, ni sawa, lilikuwa linabana mabegani. Mimi nimepewa kazi rasmi: kila siku saa kumi niwaletee swali kutoka kwa Bu Kanthi, bila kukosa.

Mwisho katalogi ya pamoja ikafunguliwa kwenye skrini kubwa. Kumbe wenzangu wamekusanya maswali yote ya Bu Kanthi na majibu yake kuwa kijitabu, na ndicho kilichoingizwa cha kwanza. Bu Prihatin aliandika jina la mwandishi, Kanthi, akabonyeza. Chini yake likatokea neno moja na jina moja: "Tazama: Warsidi."

Jina langu! Kwenye skrini ya mita tatu! Nikainama kushoto, nikainama kulia. Watu walikuwa wamefunika midomo kwa leso. Nadhani ni hisia.

Jumapili, 20 Oktoba

Endah hajui kufurahia jambo. Nilimsimulia yote. Akauliza kwani katalogi huandika "tazama" wakati gani. Nikamweleza kitaalamu kwamba mwandishi akitumia jina la kubuni, mkutubi humwelekeza msomaji kwenye jina lake la kweli. Akanitazama. Akasema, "Basi wanajua, Pak. Wote. Tangu zamani."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Wangejua, wangesimama na kunipigia makofi? Wangenipa kompyuta? Watu hawawapi kompyuta waongo. Nilimweleza kwamba ni heshima tu, mjomba kuwekwa karibu na mpwa. Akasema sawa. Akanisonya kidogo, akanimegea kuku. Kisha akaomba simu yake.

Sikumpa. Bado ina kazi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kasoro pekee ya mpango wa kwanza nimeigundua: Bu Kanthi alikuwa anauliza tu. Hakuwa na mamlaka ya kunisifu. Mwaka ujao Kitengo kitapata mkuu mpya, na safari hii sikosei.

Leo asubuhi nimenunua laini nyingine. Amezaliwa Pak Jatmiko, mtaalamu mstaafu wa mifumo ya maktaba, miaka thelathini Jakarta, sasa amehamia kijiji cha Watulumbung kwa ajili ya mapafu yake. Picha: mlima, kwa mbali. Pak Handoyo amemwingiza kundini bila maswali, kama kawaida yake.

Pak Jatmiko akasalimia wote kwa heshima, kisha akaandika kwamba katika kuzunguka kwake kote nchini hajaona mkutubi mwenye kipaji cha kompyuta kama Pak Warsidi wa Kalitirta, na angependa kujua kwa nini mtu huyo si mkuu wa kitu chochote.

Nikaweka simu mezani, kati ya kompyuta zangu tatu, nikasubiri.

Hawakuchukua hata dakika. Wote kumi wameandika! Mkutubi wa hospitali ameweka picha ya keki. Pak Handoyo amesema ni heshima kwa Umoja mzima. Na Bu Prihatin, mkuu mwenyewe, mwenye koti, ameandika hivi: "Karibu sana, Pak Jatmiko. Tulikuwa tunakungoja tangu juzi."

Tangu juzi! Sifa zake zimemtangulia! Hawana habari kabisa.