Majani ya Kupeleka Maposeni

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimeacha bangi! Tangu saa mbili asubuhi. Daktari Benigna anajaribu vidonge vya kuwatuliza wavutaji sugu wanaoacha. Nusu yetu tunapewa dawa, nusu unga mtupu, na mwenyewe hajui nani kapewa nini. Nimejiandikisha kwa ajili ya Lidwina. Aliondoka Pasaka kwenda kwa wazazi wake Maposeni, akasema hawezi kuchangia mume na moshi. Kitanda kipana mno kwa baridi hii.

Jumatano, 8 Juni
Jasho. Shuka chapachapa. Chakula hakipiti. Kajetani, jirani yangu, naye yumo kwenye majaribio, na anakula ugali kama mchimba kisima! Ni wazi: yeye kapata dawa, mimi unga. Alipokwenda kunawa nikabadilisha pakiti zetu. Mungu anisamehe, namtaka mke wangu.

Ijumaa, 10 Juni
Nimelala fofofo siku mbili! Nimemwota Lidwina anapepeta ulezi. Ila daktari kaona majina ya pakiti hayalingani. Kwa hasira akafungua bahasha ya siri: mimi na Kajetani sote tulikuwa tunameza unga. Ametufukuza. Akasema basi nimeacha kwa nguvu zangu mwenyewe. Sijamwelewa.

Jumamosi, 11 Juni
Salamu kutoka Maposeni! Shemeji Hironimus kaja kuuza mahindi. Kasema Lidwina amesikia sivuti tena. Kesho baada ya misa niende nikamchukue, ila nisiende mikono mitupu kwa wakwe: nibebe sukari na majani. Majani! Nimelia. Kumbe ananipenda hivi hivi nilivyo! Sukari nimepata dukani. Majani nimeyafuata Mshangano, kwa mtu wangu wa zamani, daraja la kwanza. Nimeyafunga kwenye gazeti. Sikuonja hata punje.

Jumapili, 12 Juni
Ya chai. Alimaanisha majani ya chai.
Mama mkwe aliyatia kwenye birika kwa nia njema. Baba mkwe akanusa kikombe, akakiweka chini, akatoka nje. Lidwina alikuwa amesuka nywele. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limeshafungwa kamba. Akaifungua ile kamba. Nimemkumbuka njia nzima, juu ya lori la mahindi.
Kosa ni la Hironimus. Angetaja chai! Kesho naanza upya, nina mpango. Furushi lililobaki wamenirudishia. Nitavuta kidogo tu, niufikirie vizuri huo mpango wa kuacha.