Nilivyousoma Wasia wa Mzee Mmanga

Jumatatu, 3 Rajabu 1320
Nimepata njia ya kumwoa Bi Shariffa! Anataka kujua wasia wa marehemu babake, Mzee Mmanga, unasema nini juu ya ukoo wao. Karatasi imeliwa na mchwa, mwandiko utadhani kuku kapekua. Nimemwambia miandiko ya wazee ndiyo kazi yangu. Sikuweza kusoma hata neno moja. Si kitu. Kahawa yake tamu.

Jumanne, 4 Rajabu
Kikwazo ni Suud, karani wa kadhi, naye anamposa. Miwani, joho, majivuno! Jamaa za Bi Shariffa wanasema ukoo wa Suud unajulikana, mimi sina mbele wala nyuma. Basi huo wasia utanipa vyote viwili. Wanaojua ukweli wameshakufa, Mungu awarehemu.

Alkhamisi, 6 Rajabu
Nimesoma mbele ya jamaa wote. Sauti ilitoka nzuri, hata mwenyewe nilisikia raha. Nikasoma kuwa Mzee Mmanga anamuusia mema mtoto Msabah, yaani mimi, aliyenyonyeshwa na mkewe pamoja na wanawe. Nilitaka tu waone nilivyo mtu wa karibu! Bi Shariffa akalia. Suud akaiomba karatasi. Jasho likanitoka. Akaitazama sana, akasema nimesoma sawasawa, tena hata idadi ya kunyonyeshwa imeandikwa: mara tano kamili, kama sheria inavyotaka. Nikamshukuru. Kumbe mtu mwema!

Nimefika nyumbani, navua kanzu, ndipo nikakumbuka. Ndugu wa kunyonya hawaoani! Nikisema nilitunga, mimi mwongo. Nikinyamaza, mimi shemeji yake Suud. Nimelia kidogo, nikalala.

Ijumaa, 28 Rajabu
Suud ameoa. Nimekaa mbele, ndugu wa bibi harusi. Akaninong'oneza kuwa mstari ule ulihusu punda kiwete wa shamba la Kizimbani. Fisadi mkubwa! Lakini Bi Shariffa kaniita kaka, tena kaagiza niwe nakula kwao kila Ijumaa. Sijapata kuitwa kaka na mtu. Na biriani ile! Nimekula sahani mbili, hasira zimekwisha.

Jumamosi, 29 Rajabu
Bi Ruqaya, mjane wa Malindi, ameleta wasia wa babake nimsomee. Ana nyumba ya ghorofa na macho mazuri. Safari hii habari za kunyonya sizigusi ng'o. Nitasoma kwamba marehemu aliniita mwanawe wa damu. Nani atanikataa?