Barabara Niliyoizua Hinokidai

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Leo Fusae amesimama mara tatu kwenye ngazi. Mwezi uliopita alikuwa akisimama mara moja. Tunakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na magoti ya mke wangu yamechoka kuliko anavyokubali kusema. Alikuwa amebeba figili mbili na mfuko wa mchele. Nikamwambia angeningoja nitoke kazini. Akauliza: nikimngoja mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku, tutakula saa ngapi? Kutoka Hinokidai hadi ofisini kwetu mjini ni saa moja na dakika kumi kwa treni, nimesimama njia nzima. Miaka ishirini na sita sasa.

Lakini kuna habari. Bibi Shirahama, yule mjane wa nyumba ya kona karibu na bustani ya watoto, anahamia Sendai kwa binti yake. Anauza nyumba. Nyumba ya chini, haina ngazi hata moja ndani. Vyumba vinne, kibaraza cha mbao kinachoangalia jua la asubuhi, dakika nane kwa miguu hadi stesheni. Hataki dalali. Amesema mtu wa kumwachia atamchagua mwenyewe.

Nimemwambia Fusae suala hili aniachie mimi. Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kumenya figili.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Negishi. Nani mwingine kama si Negishi? Anakaa ghorofa ya kwanza katika jengo letu hili hili. Tunapanda treni moja, behewa moja, na kila asubuhi namkuta amesimama palepale ninapotaka kusimama mimi.

Leo jioni nimewahi kutoka kazini, nikapita kwa Bibi Shirahama kwa bahati tu (nimezunguka mitaa miwili ili bahati hiyo inipate). Nikamkuta Negishi mlangoni, amepiga magoti, utepe wa kupimia mkononi. Anapima ukuta na kuandika kwenye kijitabu. Nikamsalimia, nikamuuliza kulikoni. Akasema ni kazi ndogo tu, akakitia kijitabu mfukoni haraka.

Mtu anayepima ukuta wa nyumba ya watu anatafuta pa kuweka kabati lake. Nami si mtoto.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Mpango wa kwanza: kujipendekeza. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikaenda na ufagio kufagia majani makavu mbele ya nyumba ya Bibi Shirahama. Nikajaza mifuko sita. Akatoka, akashukuru sana, akanipa chai. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba taka za majani huchukuliwa Jumanne, na kabla ya Jumanne hairuhusiwi kuziacha nje.

Ningefanya nini? Nimeibeba mifuko sita hadi ghorofa ya nne. Fusae ameuliza kwa nini bafu lina majani. Nimesema ni uwekezaji.

Jambo moja limenipa moyo. Bibi aliuliza magoti ya Fusae yanaendeleaje. Nikaona mtego: nani atamwachia nyumba yake mtu mgonjwa? Nikajibu kwamba mke wangu yuko imara kama chuma, ngazi anapanda mbio. Bibi akasema, kumbe, akaanza kukusanya vikombe. Nadhani alifurahi.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Majani yameondoka bafuni. Wadudu waliokuja nayo wamebaki.

Mpango wa pili, na huu ni wa akili. Asubuhi kwenye treni nimemsogelea Negishi, nikamnong'oneza kwamba nina mtu wangu ofisi ya jiji. Nikamwambia kuna barabara inakuja, njia nne, itapita nyuma kabisa ya bustani ya watoto. Malori usiku kucha. Nikamwomba iwe siri yetu. Uso ukambadilika rangi. Akanishika mkono, akasema nimefanya vizuri sana kumwambia. Kisha kiti kilipopatikana akanipisha mimi.

Nimelala hadi mjini. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka ishirini na sita.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba

Kuna tangazo kwenye ubao, karibu na masanduku ya barua. Mkutano wa dharura wa chama cha mtaa, Jumapili, saa nne asubuhi. Ajenda: barabara.

Chini kuna sahihi ya makamu mwenyekiti. Negishi. Sikujua kwamba yeye ndiye makamu mwenyekiti. Ningejuaje, wakati sijahudhuria mkutano hata mmoja tangu tuhamie hapa?

Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Kwa kawaida, nasikia, huja watu kumi na mmoja. Leo wamekuja zaidi ya sitini. Wengine wamekosa nafasi, wamesimama mlangoni pale viatu vinapovuliwa.

Negishi ameeleza yote kwa sauti ya kutetemeka. Amesema habari ameipata kwa mtu mwaminifu ambaye hatamtaja. Kisha akasema mtu huyo yuko ukumbini, ni mnyenyekevu mno, akaniomba nisimame. Nimepigiwa makofi. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kupinga barabara, kura zote, hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinua mkono ili nitoke nje, wakauhesabu.

Halafu akasimama Bibi Shirahama.

"Nilikuwa niuze nyumba," alisema. "Sasa siuzi. Nitamwuziaje mtu nyumba nikijua malori yanakuja? Huo ni wizi. Nina miaka themanini na mmoja. Waje. Watanikuta nimekaa katikati ya njia na kiti changu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Fusae peke yake hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi.

Nyumbani, kabla sijavua koti:

"Baba Chiharu, huyo mtu wako wa ofisi ya jiji anaitwa nani?"

Nikasema ni siri ya kazi.

"Anaitwa nani?"

Nikataja jina la kwanza lililokuja.

"Huyo ni daktari wetu wa meno," alisema, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda ofisi ya jiji na wanakamati wawili. Kijana wa dirishani alikuwa na subira ya ajabu. Ametoa ramani za sasa, za miaka kumi ijayo, za miaka thelathini ijayo. Hakuna barabara. Hakuna hata njia ya baiskeli.

Nikashusha pumzi. Nikawaambia wenzangu, basi, jambo limekwisha, tumeshinda. Wakanitazama kama mtoto mdogo. Wakasema ni dhahiri wanaficha.

Negishi amechukua likizo ili achore mabango.

Jumatano, tarehe 23 Oktoba

Fusae alikwenda peke yake kwa Bibi Shirahama. Alikaa huko saa mbili. Aliporudi alipanda ngazi polepole. Nilizihesabu hatua zake kutoka ndani na sikupata ujasiri wa kwenda kumpokea.

Akakaa mezani, bado na koti.

"Nimemwambia yote," alisema. "Sasa sikiliza. Ile nyumba alikuwa ameniwekea mimi tangu masika. Kila Ijumaa nakwenda kunywa naye chai, wewe uko kazini, hujawahi kuuliza. Anayaona magoti yangu. Alimwomba Bwana Negishi apime mlango na bafu, aweke mbao za kushikilia, kwa urefu wangu. Ilikuwa iwe zawadi, ndiyo maana Negishi alikuficha kijitabu chake."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Halafu ukaenda ukamwambia napanda ngazi mbio. Akadhani sihitaji tena, nimeona haya kumwambia. Akamsimamisha Negishi. Na ulipoleta barabara yako, akaona afadhali asimuuzie mtu yeyote."

Nikauliza kama sasa atauza. Amekubali, kwa masharti mawili. Nyumba iandikwe jina la Fusae peke yake. Nami nisimame mbele ya chama cha mtaa, niseme kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikauliza itakuwaje nikikataa. Fusae akasema nikikataa atahamia yeye, na mimi nibaki na ghorofa yangu ya nne.

Hakuwa anatania. Namjua.

Jumapili, tarehe 27 Oktoba

Nimesema. Maneno machache, kichwa nimeinamisha. Nilitarajia kelele. Hawakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilisikia mtu akikunja bango.

Negishi ameniambia jambo moja tu. "Bwana Mizoguchi, ungeniuliza. Ningekuambia." Alikuwa bado na rangi nyekundu kwenye kucha. Mabango kumi na manne.

Wamenipa zamu ya kusimamia eneo la taka, mwaka mzima. Kupanga, kufagia, kurudisha kwa wenyewe mifuko iliyotolewa siku isiyo yake. Bibi Shirahama peke yake alionekana na huzuni kidogo. Alisema hajajisikia na nguvu hivi tangu mumewe afariki, na kiti alikuwa ameshakichagua.

Jumapili, tarehe 1 Desemba

Tumehamia. Fusae ametembea kutoka jikoni hadi kibarazani, mkono wake ukiteleza juu ya mbao za Negishi, akakaa juani. Hakushona, hakumenya kitu. Alikaa tu. Nilisimama nyuma ya mlango nikamtazama, kisha nikajifanya natafuta nyundo.

Baadaye tumepita kwa majirani wapya kuwasalimia, na boksi la tambi za soba kama desturi. Wa upande wa mashariki ni Bwana Awano, mstaafu, mpole, katukaribisha vizuri. Ana mti wa kaki, yale matunda ya Kijapani ya rangi ya chungwa, umepinda juu ya ukuta wetu. Kuanzia saa tatu kivuli chake kinafunika nusu ya kibaraza, upande wa Fusae.

Fusae anasema nikamwombe apunguze matawi. Negishi, aliyekuja kukaza misumari, naye anasema nimwombe tu. Rahisi kwao kusema. Mtu hajamaliza kufungua maboksi, tayari anaanza maombi?

Nimetafakari sana kosa langu la Oktoba, kwa unyofu kabisa. Kosa lilikuwa kuchagua barabara. Barabara ina ramani, na kila mwenye miguu anaweza kwenda kuiangalia. Ugonjwa unaotoka kwenye miti hauna ramani.

Kesho nitaanza kwa kukohoa kila ninapopita chini ya mti wa Bwana Awano.