Farasi wa Mzee Chen

Jumatatu, 2 Juni 2025
Baba kanipa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Nisipopata kazi, naenda Maramba kupalilia mihogo yake. Mimi! Ammar bin Badr, kijana mtanashati kuliko wote Chumbageni! Kazi ipo moja tu: kuuza vigae kwenye ghala la Bwana Chen, Mabawa. Tunaoitaka ni wawili, mimi na jirani yangu Luka. Luka ana cheti cha kidato cha nne. Mimi nina akili.

Baba yake Bwana Chen amekuja kutoka China. Tarehe 20 hiyo hiyo anatimiza miaka themanini, na mimi na Luka tumealikwa. Nikafungua simu nitafute zawadi ya Kichina. Loo! Kumbe Wachina wa kale walifinyanga farasi, ngamia, hata nguruwe wa udongo (astaghfirullahi!), wakawachoma motoni, wakawapanga pembeni ya mabwana wakubwa wali...

Bando likaisha. Si kitu, nimeshaelewa.

Jumanne, 3 Juni
Maramba, kwa Mama Ruthi mfinyanzi. Nikampa shikamoo mbili. Akasema yeye ni wa vyungu, farasi hajawahi hata kumgusa. Nikamwambia ni punda aliyesoma. Akacheka, akafinyanga. Lakini tumbo tupu! Nikamwambia Wachina hawataki farasi mwenye njaa, amjaze. Akasema udongo uliojaa hupasuka motoni. Ubishi wa wazee! Nikafinyanga wangu, mzito kama tofali. Tukawaacha wakauke.

Jumatano, 18 Juni
Siku ya kuchoma. Mama Ruthi akanifukuza: mwanamume hasogelei moto wa vyungu, vitapasuka. Nikajibanza nyuma ya mgomba. Mara PAA! Mguu wa farasi wangu ukapita juu ya kichwa changu kama risasi. Uuwi! Vyungu viwili vya wateja, kwisha. Mama Ruthi akaapa kuwa nimechungulia. Nikaapa sijachungulia, nyusi zimejaa majivu. Farasi wake mwenye njaa katoka mzima, mwekundu, kapendeza. Akanipa ili nimwondokee. Nitasema nimemfinyanga mimi.

Ijumaa, 20 Juni
Sherehe nyumbani kwa Bwana Chen.

Luka kaleta tambi. Tambi! Pakiti mbili! Nikamcheka hadi machozi. Kisha nikamweka farasi mapajani mwa mzee, nikamwombea asiachane naye milele.

Mke wa Bwana Chen akaangusha bakuli. Bwana Chen mwenyewe akawa mweupe kama kigae cha bafuni. Akaniuliza polepole kama najua farasi wa aina hii waliwekwa wapi zamani. Nikajibu kwa kifua mbele: pembeni ya wakubwa. Akasema naam, kaburini. Ili marehemu apate cha kupanda huko aendako.

Yarabi! Marehemu! Waliokufa! Ndilo neno lililomezwa na bando!

Mzee akamgeuzageuza farasi, akasema jambo, akacheka peke yake. Bwana Chen akatafsiri bila kucheka: baba anauliza safari ni lini.

Luka kapewa kazi pale pale. Kumbe tambi ndefu ni kutakiana maisha marefu. Alimuuliza mpishi wao. Kuuliza! Mwanamume mzima!

Jumapili, 22 Juni
Maramba. Mihogo. Mgongo! Mama Ruthi kapita, kauliza kama farasi alipokewa vizuri. Nikasema watu walibaki midomo wazi.

Lakini sijashindwa. Lazima nimtake radhi mzee. Nimepanda juu ya kichuguu, mtandao ukashika. Wachina hutengeneza nyumba na magari ya karatasi, mazuri ajabu, kisha huyachoma kwa heshima ya wazee wao wali...

Bando. Inatosha! Maboksi ninayo, gundi ninayo. Mzee Chen atapata ghorofa.