Kura Zinazoanza na Tatu

Jumatatu, 12 Oktoba

Uchaguzi umekwisha tangu wiki iliyopita, mshindi katangazwa, na simu yangu haijalia. Binti yangu alisema atakuja kura zikishahesabiwa. Alikuwa msimamizi wa kituo namba tisa, palepale shuleni anapofundisha. Labda kachoka. Nimekunywa chai peke yangu, nikajikuta naosha vikombe viwili kwa mazoea.

Mchana mtaalamu mmoja kasema redioni kwamba katika hesabu za kweli, namba zinazoanza na moja huwa nyingi kuliko zote, kama thelathini katika kila mia. Zinazoanza na tatu au nne huwa chache. Nusura nianguke kitini. Miaka thelathini na moja nimesoma mita za maji mlango kwa mlango, na madaftari yangu yamejaa hizo moja. Wengine wanasomea jambo hilo, mimi nimelitembelea kwa miguu. Kesho natoka na kalamu.

Jumanne, 13 Oktoba

Fomu za matokeo bado zimebandikwa milangoni. Vituo arobaini na sita, madarasa ya shule tano. Nimenakili vyote. Magoti yanawaka moto. Mlinzi wa shule ya pili aliniuliza natoka ofisi gani, nikasema ya maji. Akanipeleka kwenye bomba linalovuja. Ikabidi nilikague, nikampa na ushauri.

Kura za mshindi zinazoanza na moja: vituo viwili tu. Zinazoanza na tatu au nne: vituo thelathini na saba. Wizi mtupu.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimepeleka matokeo kwa kinyozi. Huyu ndiye mkubwa wa kundi la simu la majirani, watu zaidi ya mia mbili, na ndiye aliyenibandika jina la Mzee Mita. Nikamweleza. Hakuelewa hata chembe, lakini alizima mashine ili anisikilize, heshima ambayo hajawahi kunipa. Waliokuwa wakingoja wakasogea karibu. Mmoja akanipisha kwenye benchi. Sijazungukwa na watu namna ile tangu siku tuliyomzika mke wangu.

Kinyozi akataka kituo kimoja cha mfano. Nikasema namba tisa. Vya kutaja vilikuwa tele, hilo nakiri hapa ambapo hasomi mtu. Nilifikiri tu kwamba mwanangu akisikia, atakuja kunieleza.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kinyozi kanizunguka. Kaandika kwenye kundi kwamba yeye, kwa utafiti wake mwenyewe, kagundua wizi wa kura kituo namba tisa. Jina langu halimo. Habari imeshavuka mtaa wetu, imefika hata kwa muuza magazeti, aliyenisimulia ugunduzi wangu mwenyewe na kuukosea. Nimemwandikia kinyozi malalamiko ya kurasa mbili. Kanijibu kwa picha ya kidole gumba. Binti yangu kimya.

Jumamosi, 17 Oktoba

Kaja! Asubuhi, nakala ya fomu mkononi, macho mekundu. Kasema wazazi walijaa getini jana wakimwita mwizi. Mwalimu mkuu kamwambia akae nyumbani, na jambo lisipoisha kufikia Jumatano, darasa lake atapewa mwingine. Alikwenda kumkabili kinyozi. Kinyozi, alipobanwa, ndipo akalikumbuka jina langu.

Aliniuliza kama nilijua kituo namba tisa ni chake. Nikasema hesabu haina undugu. Akaniangalia sana. Sikuipenda ile sura, ilikuwa ya mama yake.

Kisha akavuta kiti, akanieleza. Mita zangu zilikuwa za kila namna, za chumba cha mtu mmoja, za hoteli, za kiwanda, ndiyo maana namba zilitawanyika kuanzia makumi hadi maelfu. Vituo vya kura vimekatwa makusudi vilingane, hakuna kinachozidi wapiga kura mia saba na hamsini. Wakija mia sita, na wagombea wenye nguvu ni wawili, mshindi atapata mia tatu na kitu au mia nne na kitu. Akaniuliza hiyo moja nitaitoa wapi.

Nilielewa mara ya kwanza. Nikamwomba arudie. Mara ya tatu alichora vyumba na viwanda pembeni mwa daftari langu, na akacheka kidogo. Alikaa saa mbili na robo. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Kabla hajaondoka niliandika mbele yake kwamba nimekosea, nikatuma kwenye kundi, na nakala nikampa ampelekee mwalimu mkuu.

Jumatano, 21 Oktoba

Karudishwa darasani. Alinipigia, akasema asante Baba, yuko kazini, akakata. Kinyozi kaniondoa kwenye kundi, eti nimenunuliwa. Nilipopita pale, mashine haikuzimwa na benchini hakusogea mtu.

Jumapili, 25 Oktoba

Alisema atakuja leo. Nimefagia, nimekung'uta mkeka, nimekaa dirishani tangu saa nne asubuhi. Saa tisa umeingia ujumbe: ana madaftari ya kusahihisha, labda wiki nyingine. Nimeumia. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Nikafungua zile fomu, basi tu, kupoteza muda. Safari hii nikatazama kura zilizoharibika. Kituo namba tisa, saba. Namba kumi, saba. Namba kumi na moja, saba tena. Mara tatu mfululizo! Kwenye kazi yetu hiyo ilikuwa dalili ya msoma mita aliyekaa kivulini akabuni namba. Naijua vizuri, niliwahi kuifanya.

Nimemwandikia mwalimu mkuu barua safi, mwandiko wa kazini. Nimetaja namba tisa peke yake, maana kwenye vile vingine viwili sina mtu. Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe. Nimeshanunua na sukari, kwa sababu jambo la safari hii ni zito, na maelezo yake hayawezi kupungua kutwa nzima.