Kiti Kirefu cha Kumheshimu Mama

Jumapili, tarehe 2 Machi

Nimerudi kanisani nimevimba kwa hasira. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu amehama, nafasi yake iko wazi, na mchungaji ametangaza kuwa tutachagua mwingine baada ya wiki mbili. Hatafuti msomi, amesema, wala mwenye sauti nzuri. Anatafuta mtu anayeziishi amri za Mungu nyumbani na kazini, si wa kuzikariri tu. Halafu watu wote wakageuka kumtazama Cheche.

Cheche! Fundi wa kuchomelea vyuma! Karakana yake imepakana na yangu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemjua. Hata vifungo vya shati hafungi sawasawa. Mimi ni seremala, na mabenchi waliyoyakalia wakati wanageuka nimeyatengeneza mimi kwa mikono yangu. Shukrani iko wapi?

Sawa. Wanataka amri, watazipata. Nimeanza leo leo na ile ya kupumzika siku ya Bwana. Mke wangu aliponiomba nimletee ndoo ya maji jikoni nikamwambia haiwezekani, hiyo ni kazi.  Akauliza kama amri hiyo inamhusu na yeye. Nikajibu bila shaka, ni ya watu wote. Akaenda zake kulala. Mpaka sasa jioni hakuna kilichopikwa. Naandika tumbo likinguruma.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo nimeishi amri ya kutosema uongo. Faida yake siioni.

Amekuja mteja kuulizia mlango. Katika mazungumzo akauliza kama kazi za jirani yangu ni imara. Ningeweza kunyamaza, lakini ukweli ni ukweli. Nikamwambia mageti ya Cheche yanashika kutu. Nikaongeza kuwa anapima kwa macho. Nikaongeza na mengine mawili matatu ambayo, kama si kweli leo, yatakuwa kweli siku moja. Kumbe Cheche mwenyewe amesimama nyuma ya rundo la mbao zangu, amekuja kuazima futi yangu ya kupimia!

Mtu mwingine angeona haya. Yeye akacheka. Akamwambia mteja ni kweli kabisa, chuma kisipopakwa rangi hushika kutu, ndiyo maana yeye hupaka mara mbili. Mteja akaondoka naye kwenda kutazama milango ya chuma. Wakaondoka na futi yangu pia.

Mke wangu ameniuliza kama nimeifikia ile amri ya kutotamani mali ya jirani. Nimemwambia nazichukua moja moja, asinivuruge.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata! Waheshimu wazazi. Vipi sikuliona hili? Baba alishatangulia mbele za haki, lakini mama yupo, anaishi kwa dada yangu. Na Cheche ni yatima! Hana baba, hana mama, hata shangazi sijawahi kumsikia akimtaja. Kwenye amri hii hanifikii hata akimbie.

Nimempigia dada simu kumwambia nakuja kumchukua mama. Badala ya kufurahi akaniuliza kama mama ameomba kuchukuliwa. Maombi ya mama yanahusiana vipi na kumheshimu mama? Akasema mama ana kuku wake pale, ana rafiki yake wa upande wa pili wa ukuta ambaye hupiga naye soga kutwa. Nikamkumbusha kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza. Akasema ajabu, miaka yote hiyo sikuwa nimejaliwa kulikumbuka hilo. Damu ikanichemka. Nimempandishia sauti mpaka mke wangu akaja kufunga dirisha.

Mbao zile nzuri nilizokuwa nimezificha kwa kazi maalumu nimezitoa. Natengeneza kiti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama amefika. Kiti kimefika kabla yake. Kina mgongo wa nakshi, mikono mipana, na miguu mirefu. Miguu nimeirefusha kwa sababu: ukuta wa baraza yetu ni mrefu, na ningemkalisha mama kwenye kiti cha kawaida nani angemwona kutoka barabarani? Sasa anaonekana kuanzia kifuani.

Tulimpandisha watu wawili, mimi na mke wangu. Mama akasema kiti kizuri, mwanangu, ila miguu yangu inaning'inia. Nikamwambia atazoea. Akaomba nipunguze kidogo kwa msumeno. Nikamweleza habari ya ukuta. Akauliza ukuta umefanya nini.

Wapita njia walisalimia sana. Mama mmoja akaniambia nimepata baraka kubwa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kila kitu kilikuwa shwari mpaka Cheche alipopita. Alisimama, akamwamkia mama, akamwambia kitu ambacho sikukisikia, na mama akacheka mpaka akajishika ubavu. Kwangu hajacheka tangu afike. Sijui yule mtu anajiona nani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tumekwenda kanisani na kiti. Nilikibeba mwenyewe kichwani, polepole, katikati ya barabara. Nikakiweka mbele kabisa. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika kuwa hawamwoni mchungaji. Wivu mtupu! Mchungaji akashuka, akaniomba kwa upole nikisogeze pembeni. Nikakisogeza, nikiwa nimeuma meno.

Mama alikaa ibada nzima miguu hewani. Tuliporudi nyumbani imevimba, viatu haviingii. Mke wangu amemkanda kwa maji ya moto, kisha akanijia na msumeno mkononi. Baba watoto, akasema, kata hiyo miguu ya kiti, ni kazi ya dakika chache. Nimemwambia leo ni Jumapili.

 Ameuweka msumeno juu ya mto wangu wa kulalia.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Hasira niliyonayo, kalamu inatoboa karatasi.

Nilikwenda kupeleka kabati kwa mteja. Narudi, namkuta mama kwenye baraza, ametulia, uso umenyooka, miguu imekanyaga kibago cha chuma. Kimepakwa rangi. Mara mbili, bila shaka! Cheche amekileta, akisema ameona bibi anahangaika. Bibi? Bibi yake nani? Ana ruhusa ya nani ya kumwona mama yangu anahangaika?

Nimekichukua kibago nikakifungia karakanani. Mama akasema amepewa yeye. Nikamweleza kwa adabu kuwa iko amri kuhusu mali ya jirani, na sitaki nyumba yangu iingiwe na dhambi kwa ajili ya kipande cha chuma.  Mama aligeuza uso upande wa ukuta, na miguu yake ikarudi kuning'inia. Nilipomwona hivyo roho iliniuma, siwezi kukataa. Nusura nikifuate kile kibago. Lakini uchaguzi ni Jumapili, na barabara nzima ingeniuliza kibago kile ni kazi ya nani. Nikamletea mto wa kuegemea. Hakuuegemea.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Balaa! Nimetoka kula mchana, kiti kitupu. Nimemtafuta mama chumbani, jikoni, chooni. Kumbe yuko mlangoni kwa Cheche! Amekaa juu ya kipande cha gogo, tena gogo langu, nyayo zimetulia ardhini, anachambua mboga na kupiga domo na kila anayepita. Barabara nzima inamwona. Heshima yote niliyoijenga iko mlangoni kwa yatima!

Nikamwambia mama twende nyumbani. Akasema niache, baba, nikae ninapofika chini. Cheche akazima mashine yake, akasema kaka, mwache mama apumzike. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nikafoka. Nikamwambia atafute mama yake. Watu wakajaa.

Mke wangu anasema nimempigia mama kelele hadharani, wiki ya uchaguzi. Si kweli. Nimepiga kelele, na mama alikuwa karibu.

Lakini maneno yale niliyomwambia Cheche... Alivaa miwani yake ya kuchomelea ilhali mashine imezimwa. Sipendi kulifikiria. Angepungukiwa nini kama angenyamaza tangu mwanzo?

Jumapili, tarehe 16 Machi

Yamekwisha.

Nilikuwa nimempanga mama vizuri. Kabla ya kura mchungaji hutoa nafasi ya kusema, naye angesimama aeleze jinsi ninavyomheshimu. Aligoma kukaa kwenye kiti, akakaa benchi, nikavumilia. Alisimama kweli. Akasema mwanawe si mtu mbaya. Amempa chumba, amempa nyama, amempa kiti ambacho hata mfalme angekiogopa.  Kisha akasema: Mwanangu ananipenda sana mbele za watu.

Kanisa zima likacheka. Zima! Mchungaji alijitia kukohoa, lakini nilimwona mabega yakitikisika.

Halafu mama akasema anaomba msamaria wa kumrudisha kwa binti yake leo hii, maana miguu yake imechoka na kuku wake hawana mtu. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Cheche. Akatoka kwenda kuwasha gari, na wakati yuko nje wakamchagua. Karibu wote. Mke wangu naye nilimwona kanyoosha mkono, na hakuushusha nilipomkazia macho.

Nje, kabla ya kupanda garini, mama alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema njoo unione, mwanangu. Usilete kitu. Njoo tu ukae na mimi.  Gari lilipoondoka nikaenda nyuma ya kanisa nikalia, nalia na hasira, nalia na uchungu, hata sijui kipi kilizidi. Ni mama yangu. Nilimtoa kwake nikamrudisha mgonjwa wa miguu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Nyumba imepooza. Mke wangu ananijibu kwa kichwa tu.

Nimetafakari kwa dhati. Safari hii sitafuti sifa. Mama amesema niende nikakae naye, na kumtii mama ndiyo amri yenyewe. Nitakwenda. Mikono mitupu, shati la kawaida, nikae naye chini kabisa mlangoni, nimsikilize habari za kuku. Nimejisikia mwepesi tangu nilipoamua.

Jioni nimempigia dada kumwambia. Akasema kwa sauti nzuri ambayo sijaisikia kwake siku nyingi kuwa mama atafurahi sana. Nikamshukuru. Nikamuuliza mbele ya nyumba yake watu wengi hupita saa ngapi, na kama kanisani kwao nafasi zote za wazee zimejaa.

Amenikatia simu!

Mimi, kaka yake mkubwa! Lazima iko amri inayomhusu, na nikiipata nitampelekea mwenyewe.